Kiingereza cha Kusema Hufunzwa Nyumbani



Jirani yangu hapa Buyenzi, askari polisi mwenye watoto wanne, alikesha miezi miwili akikariri majibu ya mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS. Siku ilipowadia aliulizwa habari za mtaa wake, naye alikuwa amekariri habari za michezo. Akanyamaza. Ada iliyotolewa katika akiba ya nyumba ikaenda bure.

Hayo si ya mtu mmoja. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Wanajeshi wetu waliokwenda Somalia tangu mwishoni mwa mwaka 2007 walitumika pamoja na wenzao wa Uganda na Kenya. Polisi aombaye kazi katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa naye hupimwa lugha kabla ya kukubaliwa.

Yafaa basi kuujua mtihani wenyewe. Sehemu ya kusema huchukua dakika 11 hadi 14, mtahini na mtahiniwa wakiwa ana kwa ana. Kwanza huulizwa mambo ya kawaida: nyumbani, kazi, jamaa. Kisha mtahiniwa hupewa kadi yenye jambo la kueleza. Hufikiri dakika moja, halafu husema peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Mwisho hujadili jambo hilo kwa mapana. Hupimwa mambo manne kwa uzito sawa: mtiririko wa maneno, msamiati, sarufi na matamshi. Lafudhi ya Kirundi si kosa, mradi maneno yaeleweke. Na asiyesikia swali aombe lirudiwe. Kuomba si aibu.

Matayarisho yake hayahitaji fedha nyingi. Baada ya chakula cha jioni, mama au mtoto wa sekondari ashike saa na kuchagua jambo: soko, safari ya Gitega, mwalimu asiyesahaulika. Baba afikiri dakika moja, kisha aseme mbili bila karatasi. Akikwama, asirudi kwenye Kifaransa. Neno lililompotea alieleze kwa maneno mengine. Simu irekodi, naye ajisikilize.

Ajihadhari na mitego miwili ya kwetu. Wa kwanza ni herufi "l" na "r", ambazo ulimi wa Kirundi huzichanganya. Kwa Kiingereza kosa hilo hugeuza mchele kuwa chawa! Wa pili ni maneno yanayofanana na ya Kifaransa: lile la duka la vitabu linafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya maktaba.

Mama asidhani kazi hii si yake kwa sababu hajui Kiingereza. Kushika saa, kusikiliza na kumkataza mumewe kusoma karatasi ni msaada mkubwa, na watoto nao wanajifunza.

Jirani yangu amejiandikisha tena. Zile karatasi za majibu mkewe amewashia makaa, na kila jioni nasikia sauti yake ukutani, mara ikisita, mara ikiendelea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.