Mdharau Mwiba

Wako watu wasemao kuwa kuosha vidonda ni kazi ya mikono isiyohitaji akili. Humtaja daktari kwa heshima na mwuguzi kwa mazoea. Mzazi akisikia kuwa mwanawe ataka kuwa mwuguzi, humwuliza kama alama zake hazikutosha kupata kazi bora. Mimi naipinga rai hii. Naipinga kwa kuwa ni ya uongo, na kwa kuwa uongo huu huwapotezea watu miguu yao.

Tazama Bura. Misheni ya Kikatoliki ilianzishwa hapa mwaka 1892, na elimu si mgeni katika bonde hili. Juu yetu ni milima ya Taita na mashamba yake ya migomba na mahindi. Upande wa Mwatate ni mkonge, ambao kila jani lake huishia katika ncha kali. Watu wa nchi hii huishi kwa miguu yao. Hupanda mteremko kwenda kulima, huteremka kwenda sokoni, na wengi hupalilia kwa kandambili au pekupeku. Mwiba kwao ni jambo la kila siku. Mtu huuchomoa akaendelea na kazi.

Walakini, mwiba wa mwenye kisukari ni mwiba mwingine. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huiharibu mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo iletayo habari ya maumivu. Huibana pia mishipa ya damu, nyama ikakosa chakula chake. Ngozi hukauka ikapasuka kisiginoni. Fangasi huota katikati ya vidole. Na kila ufa huwa mlango wa vijidudu. Mwiba ukiingia Jumatatu, huenda mwenyewe asijue mpaka Jumapili, aonapo doa la usaha katika soksi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mgonjwa huyu hakuudharau mwiba, hakuusikia.

Nani basi atausikia kwa niaba yake? Mwuguzi. Humwambia mgonjwa avue viatu vyote viwili, hata kama amekuja kwa ajili ya kikohozi. Hutazama nyayo, visigino na katikati ya kila kidole. Hugusa ngozi apime joto lake, na hujaribu kama mguu bado una fahamu. Kidonda kikiwapo, hukisafisha, hukifunga kwa kitambaa safi, hufuatilia kiasi cha sukari, na humzuia mgonjwa asikanyagie mahali penye jeraha, kwa maana kidonda kinachobeba uzito wa mwili kila siku hakiponi. Kisha humfundisha kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, kukausha katikati ya vidole, kupaka mafuta juu na chini ya mguu bali si baina ya vidole, na kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Je, hii ni kazi isiyo na akili?

Wengine husema kuwa dawa ndiyo iponyayo. Dawa ni neema kubwa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walipata insulini mjini Toronto, na Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, yaani rika lako msomaji, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Hapo kwanza kijana kama yeye alikuwa akingoja kufa tu. Lakini insulini haina macho ya kutazama kisigino. Yakadiriwa kuwa katika kila watu 100 wenye kisukari wanaokatwa mguu, yapata 85 walianza na kidonda. Msumeno wa daktari huja mwishoni mwa safari ndefu, na beseni la mwuguzi lingaliweza kuikatiza safari hiyo njiani.

Wengine husema kuwa utunzaji wa namna hii ni wa nchi tajiri. Na wavuke mpaka pale Taveta, wafike Moshi. Huko, penye hospitali ya KCMC, kimekuwako tangu miaka ya 1990 chuo kinachofundisha matabibu na wauguzi kutambua na kutunza magonjwa ya ngozi, kwa sababu mabingwa wa ngozi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Maji, sabuni, kitambaa safi na jicho lililofundishwa si mali ya matajiri peke yao.

Wako pia wasemao kuwa kidonda kisichopona ni uchawi uliokanyagwa. Hawa huupoteza muda, na muda ndio mguu wenyewe. Wengine hukikimbia kidonda kwa harufu yake, au kwa hofu ya kuambukizwa. Kisukari hakiambukizi. Mgonjwa akikimbiwa huona haya, huficha mguu chini ya kanga, na siku anapoufunua huwa umekwisha kuwa mweusi.

Simlaumu mwuguzi aliye peke yake mbele ya foleni ya watu mia. Hawezi kuwavua viatu wote. Nawalaumu wale wanaohesabu majengo ya hospitali wasihesabu mikono iliyo ndani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa magongo, kwa shamba lisilolimwa, na kwa mtoto aachaye shule ili amwongoze baba yake.

Nanyi wanafunzi, wavulana na wasichana, msiingoje serikali katika jambo mnaloliweza leo. Jioni hii mkirudi nyumbani, kama babu au bibi ana kisukari, chukueni beseni na taa. Mwombeni awape miguu yake. Mkiona jeraha, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, mpelekeni zahanati kesho, msingoje keshokutwa. Na siku mtakapochagua kazi, atakayechagua uuguzi asiulizwe kwa nini hakupata kazi bora. Aulizwe ataokoa miguu mingapi.