Kopo la Kupulizia Si Fundi

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya utunzaji wa pikipiki. Najua wako watakaosema kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye mtihani wa Novemba mbele yake, angeandika habari za masomo. Lakini mimi nasoma kwa jasho la pikipiki. Ada hatulipi, maana Serikali iliiondoa tangu mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Hata hivyo nauli, sare, sabuni na madaftari vyataka fedha, na fedha hizo huzileta kaka yangu mwenye bodaboda.

Kwetu ni Kyela, katika nchi tambarare iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Aliyefika kwetu ayajua matope yetu. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na iliyo kubwa hunyesha Machi, Aprili na Mei. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milima ya Rungwe, na mabonde yakajaa maji. Mpunga wapenda hali hiyo, na kakao na michikichi vilevile, lakini chuma hakiipendi kabisa.

Zamani nchi yetu ilikuwa ya baiskeli. Babu yangu alikuwa na yake, na kila Jumamosi jioni aliipindua magurudumu juu, chini ya mwembe. Aliipangusa mnyororo kwa kitambaa, akadondosha mafuta tone moja moja, huku sisi wajukuu tukizungusha pedeli. Alituambia kwamba chombo kinachokubeba nawe ukibebe. Leo baiskeli zimepungua, pikipiki zimejaa, na desturi ile njema imekufa. Mahali pake limekuja kopo la dawa ya kupulizia. Mnyororo ukilia, puliza. Kitasa kikigoma, puliza. Pikipiki ikichafuka, puliza ing'ae. Vijana wengi waliamini kopo hilo kama watu wa kale walivyoamini hirizi.

Mwaka huu, katika likizo fupi ya Aprili, niliyaona matokeo yake kwa macho yangu. Kaka alirudi jioni, pikipiki yote ni tope. Akaiosha haraka haraka, kisha akapuliza kila mahali. Breki ya nyuma ilikuwa inalia, basi akapuliza na ndani yake ili inyamaze. Mimi nilisita, nikamwuliza, "Kaka, breki nayo yatiwa mafuta?" Akanijibu, "Mdogo wangu, wewe soma vitabu vyako, pikipiki niachie mimi." Nami kwa heshima nikanyamaza.

Kweli breki ile ilinyamaza, lakini na kushika ikaacha. Asubuhi alimpakia shangazi yetu na mfuko wa mchele, kwenda Ipinda. Walipokaribia daraja dogo alikanyaga breki, pikipiki isisimame, wakaingia shambani kwenye maji ya mpunga. Tunamshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini shangazi aliteguka mkono, na kaka alikaa wiki mbili bila kazi huku mwenye pikipiki akidai hesabu yake ya kila siku. Mimi nilirudi shuleni nimechelewa siku tano kwa kukosa nauli. Siandiki haya kwa kumwaibisha kaka yangu, maana mwenyewe ameniruhusu niyaandike, ili wengine wajifunze.

Kopo lenyewe si baya. Lile mashuhuri kuliko yote, WD-40, lilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani. Herufi zake zina maana ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini, lile lililofaulu. Hapo mwanzo lilitumika kukinga makombora ya Atlas yasipate kutu. Basi kazi yake twaijua tangu kuzaliwa kwake: kufukuza maji, kulegeza kutu, kung'oa uchafu ulioganda. Lakini ni jepesi. Sehemu kubwa yake huruka hewani, na mafuta yanayobaki ni membamba. Mnyororo wa pikipiki huvuta mzigo mzito, tena ndani yake mna pini nyingi zinazosuguana na chuma. Mafuta membamba hayakai hapo siku nyingi. Pini hulika, mnyororo hurefuka, na meno ya sproketi nayo huchongoka.

Katika somo la fizikia twafundishwa msuguano. Katika mnyororo msuguano ni adui, katika breki ni rafiki. Anayetia mafuta katika breki amemfukuza rafiki anayemwokoa. Breki ikilia, ifunguliwe isafishwe vumbi, na viatu vyake vikiwa vimelowa mafuta vibadilishwe.

Sasa yatupasa tufanye nini? Baada ya ajali tulikwenda kwa fundi mmoja mzee, akatuonyesha kazi isiyozidi robo saa. Kwanza, zima injini, tena usiiwashe mpaka umalize, maana mnyororo unaozunguka kwa injini hukata vidole. Pili, sugua mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, wala si petroli, kwa kuwa petroli hushika moto upesi mno. Tatu, pangusa kwa kitambaa mpaka ukauke. Hapa kopo laweza kusaidia kufukuza maji yaliyobaki, mradi lisielekezwe kwenye breki wala matairi, wala lisipulizwe karibu na jiko. Nne, dondosha mafuta mazito ya gia upande wa ndani wa mnyororo, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Mnyororo ukikimbia mafuta husukumwa nje, na hivyo hupenya katikati. Tano, pangusa yaliyozidi, uiache ilale usiku kucha. Mwisho pima ulegevu. Katika pikipiki nyingi za kwetu ni kama sentimita mbili au tatu, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu.

Neno jingine ni juu ya mahali pa kuoshea. Wengi huingiza pikipiki mtoni, na mafuta yote huteremka ziwani. Ziwa letu lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na usipa wa humo ndio kitoweo chetu. Tuoshee mbali na maji, kwa ndoo.

Najua madereva watajibu kwamba hawana nafasi, kwa kuwa hesabu yadaiwa kila jioni. Jibu hilo nalielewa, maana hata nyumbani kwetu husemwa. Lakini kaka yangu aliokoa robo saa akapoteza wiki mbili. Tena wenye pikipiki nao wana wajibu: anayedai hesabu kila siku asione uzito kutoa chupa ya mafuta na brashi.

Mwisho, naomba walimu wetu watufikirie. Wengi wetu tukimaliza kidato cha nne tutapanda pikipiki hizo, ama kwa kazi ama kama abiria. Jumamosi moja katika muhula, fundi aalikwe shuleni atufundishe mnyororo na breki. Na wazazi wasimcheke kijana anayeinama jioni na kitambaa mkononi.

Nami nimejifunza kwamba heshima kwa mkubwa si kunyamaza. Jioni ile ningalirudia swali langu kwa upole, huenda shangazi asingalifunga mkono. Siku hizi, nikiwa nyumbani, kaka husugua nami huzungusha gurudumu, kama tulivyofanya kwa babu chini ya mwembe.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na aandike.