Udongo wa Tumbaku Upimwe Kabla ya Kupandwa Maharagwe

Tarehe 31 Mei 2023, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, wakulima wa Migori walitajwa kuwa mfano wa kuigwa kwa kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, katika mradi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa. Nauunga mkono mradi huo. Hata hivyo, yapo mambo yanayobaki udongoni baada ya tumbaku kung'olewa, na hayo hayaondoki kwa hotuba.

Mizizi ya tumbaku hushambuliwa sana na nematodi, yaani minyoo midogo isiyoonekana kwa macho matupu. Yule wa kundi la Meloidogyne, anapoanguliwa, hafikii urefu wa nusu milimita. Huingia mzizini, akatulia humo akifyonza, na mzizi ukavimba mafundo. Mmea hudumaa na majani yake hunyauka adhuhuri ingawa udongo una maji. Mkulima husema shamba limechoka, akakopa fedha za mbolea. Yamkini mbolea si kosa, lakini haimwui mnyoo. Na ubaya ni kwamba maharagwe, kama nyanya, ni chakula cha mnyoo huyo huyo.

Mimi ni mtu wa isimu, na jambo linalonishughulisha hapa ni majina. Gugu la striga Wajaluo huliita kayongo. Lina ua, lina jina, na kila mkulima wa Homa Bay analitambua. Kituo cha ICIPE cha Mbita kilipowafunza wakulima kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili kulizuia, hakikuhitaji kwanza kuwaeleza adui ni nani. Mnyoo wa mizizi hana bahati hiyo. Ukitamka "minyoo", mzazi hufikiria tumbo la mtoto, na mwanafunzi hufikiria nyungunyungu, ambaye ni rafiki wa udongo.

Tatizo huzidi tunapofika kwenye mafundo yenyewe, kwa sababu mharagwe una vinundu vyake vya heri, makao ya bakteria wanaoupatia mmea naitrojeni. Nani ajuaye ni mashamba mangapi yamesifiwa kwa vinundu ambavyo kumbe ni ugonjwa? Walimu wawaonyeshe wanafunzi tofauti. Kinundu cha heri kimejibandika ubavuni mwa mzizi; ukikisugua kwa kidole hubanduka, na kikiwa hai ndani huwa na rangi ya waridi. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, wala halitoki bila kuukata mzizi.

Aidha, si kila mnyoo hufanya mafundo. Pratylenchus, mwenyeji wa mizizi ya mahindi, huacha madoa meusi tu. Hata miongoni mwa wenye mafundo, aina zatofautiana. Njugu karanga, zinazolimwa katika kaunti zote mbili, kwa kawaida hazimlishi Meloidogyne incognita, na hivyo huweza kumpunguza shambani. Lakini nduguye, arenaria, ana jamii inayozishambulia. Afisa wa kilimo anayesema "badilisheni mazao" bila kujua ni mnyoo yupi ametoa nusu ya ushauri.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi iko ndani ya uwezo wa shule ya upili yenye darubini moja. Njia yenyewe ilitokana na kazi ya Baermann, aliyeibuni huko Java mwaka 1917. Udongo uchukuliwe sehemu kumi hadi ishirini za shamba, kina cha sentimita ishirini hivi, uchanganywe na usianikwe juani. Kiasi kidogo kitandazwe juu ya karatasi laini ndani ya chujio, na chujio liwekwe katika sahani ya maji yanayougusa udongo. Baada ya siku moja au mbili minyoo itakuwa imeshuka majini. Chini ya darubini, anayekula mizizi ana kitu kama sindano kinywani. Asiye nacho anakula bakteria au viumbe wengine, na aachwe kwa amani. Mwenye sindano atiliwe shaka, maana wapo wenye sindano wanaokula kuvu.

Kutaja aina kamili ni kazi ya wataalamu. Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zingeweza kugharimia sampuli za shule zipelekwe kwao, zikianzia mashamba yaliyotoka kwenye tumbaku, kabla ya mvua za masika na si baada ya maharagwe kunyauka.