Ruta ni ya Kwetu, Ufunguo ni wa Nani?

Leo nina hasira jamani, mnivumilie.

Juzi mchana nilikuwa chumba cha habari nasubiri mhariri amalize kuichinja stori yangu (na kweli aliichinja). Katika kusubiri, nikaandika anwani ya IP ya nyumbani kwetu kwenye kompyuta ya ofisi. Ukafunguka ukurasa wa kamera tulizofungiwa mwezi uliopita. Jina: admin. Neno la siri: 12345. Nikaingia. Nikamwona mama sebuleni anakunja kanga zake, hana habari.

Kama mimi nimeingia, nani mwingine kaingia?

Nikambana fundi wa kamera kwenye simu. "Bro, mama alitaka kuona geti akiwa kazini, ndio tukafungua poti." Sawa, lakini mlifunguaje? Ruta ya nyumbani kwa kawaida ni bawabu mkali. Mgeni asiyeitwa na mtu wa ndani anaachwa nje. Ukitaka kamera ionekane unaiagiza ruta ipitishe poti moja, tuseme 8000, basi. Fundi wetu akaona kazi. Akampigia mwenzake wa kampuni ya intaneti, mwenye ufunguo, wakaitupa kamera kwenye DMZ. Maana yake, anayebisha hodi kwenye poti yoyote kati ya 65,535 anapelekwa moja kwa moja kwenye kamera. Wameng'oa geti ili mama aone geti!

Najua kuna mdau atauliza, nani ana shida na makochi ya mama yako? Makochi hayana mteja, ndugu yangu. Kinachotafutwa ni kamera yenyewe, na anayetafuta ni mashine isiyolala. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hodi poti 23 na 2323, ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani kama sitini hivi. Hayo tu. Ikateka mamia ya maelfu ya vifaa, kamera na ruta za watu kama mama yangu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa namna hiyo vikaivamia kampuni ya Dyn ya Marekani, Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Vijana watatu wa Kimarekani walioiandika walikiri makosa mahakamani mwaka 2017, lakini msimbo wake ulishamwagwa hadharani, na wajukuu wake wapo hadi leo.

Nikasema basi, naingia kwenye ruta niifute hiyo DMZ mwenyewe. Wapi! Neno la siri la ruta analo mwenye kampuni. Dada wa huduma kwa wateja akaniambia kwa upole, "Ni kwa usalama wako, kaka." Usalama wangu! Waliofungua ni wao, mwenye nyumba ndiye haruhusiwi kufunga. Nakubali, wapo wateja ambao wakipewa ufunguo watavuruga kila kitu halafu wapige simu kulalamika. Lakini mkataba wao, ambao nimeusoma wote, unasema mteja anawajibika kwa kila kinachopita kwenye laini yake. Niwajibike kwa mlango nisio na ufunguo wake?

Wenzetu Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kumuuzia mtu kamera yenye neno la siri linalofanana kwa wateja wote. Huku kwetu fundi anakuandikia 12345 kwenye karatasi na kukuambia usiipoteze.

Nimenunua ruta yangu, nimeichomeka nyuma ya ile yao, kamera nimeihamishia humo na neno la siri nimebadilisha. UPnP nimezima, maana hiyo huruhusu vifaa vijifungulie poti bila kukuuliza. Sasa mama anaona geti lake akiwa nyumbani tu. Akiwa kazini haoni kitu, na analalamika, ana haki. Kuna njia salama ya kumwonyesha, VPN, ila inahitaji poti moja ifunguliwe kwenye ruta yao.

Barua ya tatu nimeipeleka leo asubuhi. Wamegonga muhuri.