Kisiwa cha Kijani na Wapangaji Wake

Ndugu wasomaji, mmezoea kusoma hapa habari za mbolea, za ng'ombe na za bei ya mahindi. Juma hili nawaomba radhi, maana nataka kuwavusha bahari mpaka kisiwani Pemba. Walakini msidhani kwamba nimelitupa jembe; mtaliona mbele.

Pemba iko kaskazini ya Unguja, yapata kilomita 50 kutoka pwani ya Tanga. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, na mgeni hahitaji kuelezwa sababu. Nchi yote ni vilima na mabonde: juu mikarafuu na minazi, chini mpunga. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa mama wa karafuu. Wakati wa mavuno majamvi hutandikwa juani mbele ya nyumba, nayo harufu humpokea mgeni kabla ya mwenyeji.

Kaskazini kabisa uko msitu wa Ngezi, mabaki ya ule mwitu mkubwa uliokatwa ili kupanda mikarafuu. Humo humea mpapindi, mti wa jamii ya mitende ambao asili yake ni Pemba. Kwa kuwa mlango wa bahari baina ya kisiwa na bara una kina kirefu mno, viumbe wake waliishi peke yao zamani nyingi. Kwa hiyo wako ndege wa aina nne wasiopatikana penginepo duniani, mmoja wao akiwa ninga wa Pemba.

Lakini kilichonigusa zaidi nilikiona katika kijiji cha Kidike. Juu ya miti mirefu walining'inia popo wakubwa, wenye manyoya mekundu kama kutu, na mabawa ambayo yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu. Hawa nao ni wa Pemba tu. Chini yake alikaa mzee mmoja.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuwatazama wapangaji wetu?”

Nikamwuliza kama wapangaji hao hulipa kodi. Akacheka. “Hulipa usiku. Hula matunda huku na huku, wakaangusha mbegu tusikofika sisi. Miti mingi ya mwituni wameipanda wao.”

Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba ujanani mwake watu waliwapiga kwa bunduki kwa ajili ya kitoweo, naye alikuwa miongoni mwao. Wakati huo huo miti waliyolalia ilikatwa. Hata kufikia mwaka 1989 waliosalia walikuwa wachache mno, wakakaribia kutoweka. Katika miaka ya 1990 wenyeji walianza kuunda vikundi vya kuwalinda, wakazuia uwindaji na ukataji wa miti, na kuwahesabu. Leo wamerudi kwa maelfu mengi, na ada ya wageni hukisaidia kijiji.

Jua lilipokuchwa popo waliondoka kundi kwa kundi, mbingu ikawa nyeusi. Mzee aliwafuata kwa macho kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakienda malishoni.

Sasa, ndugu mkulima, jembe ni hili. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi huhesabu magunia na mbuzi, lakini nani kwetu aliyehesabu miti ya kandokando ya mto wake, au ndege walao viwavi shambani mwake? Wapemba walifungua daftari zikiwa zimebaki kurasa chache. Wewe usingoje mpaka hapo. Kesho asubuhi, kabla ya kushika panga, zunguka shamba lako ukahesabu.