Mashua Mlimani Yataka Gari la Aina Gani?

Sisi watu wa pwani tukiambiwa kuna mashua Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, hucheka. Bahari iko mbali na Gatitu kwa zaidi ya kilomita 600 za barabara, na pahali penyewe papo juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mashua huko itaelea wapi, juu ya majani chai?

Kicheko hicho si cha haki. Maji ya Chania na Sagana, mito ya huko Nyeri, ndiyo hayo hayo yaingiayo Tana na kuja kumwagika baharini kwetu Kipini. Njiani yamezuiwa Masinga, kwenye bwawa lililofunguliwa mwaka 1981, na bwawa hilo ni pana, laweza kuelea chombo kikubwa. Kwa hiyo mtu wa Gatitu aweza kuweka mashua uani kwake, na siku akitaka akaikokota hadi majini.

Kijana mmoja wa kwetu, aliyehamia huko kwa biashara, ndivyo alivyokusudia. Mashua anayo tayari, ya faiba, yenye mashine mbili. Sasa aniuliza: "Ami, ninunue pikapu gani yenye nguvu ya kuivuta?" Namjibu hapa gazetini kwa sababu si yeye peke yake aulizaye, na kwa sababu swali lenyewe, kwa maoni yangu, limekaa upande.

Tutazame njia yake. Kutoka Gatitu apite Karatina, ateremke Sagana, kisha ashike njia ya Masinga, ambako maji yako kiasi cha mita 1,056 tu juu ya bahari. Maanake asubuhi, mashua ikiwa imejaa mafuta na vyombo, yeye anateremka kiasi cha mita 700. Kuvuta ni kazi ya jioni, wakati wa kurudi. Kazi ya asubuhi ni kuzuia. Na gari likishindwa kuvuta, mwenyewe ataegesha kando na kupoteza saa zake mbili tatu. Likishindwa kuzuia, atakayelipa ni matatu iliyojaa watu mbele yake, au mama aliyetandaza ndizi zake kando ya barabara, ambaye mashua hakuwahi kuiona wala kuitaka.

Hebu sasa tuje kwenye magari. Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, na ile Land Cruiser ya pikapu tunayoiona ikiunganishwa hapa hapa Mombasa: vitabu vya watengenezaji, kwa zile za injini kubwa na za kuvuta kwa magurudumu manne, hutaja kilo 3,500 kuwa ndio mwisho wa kukokota. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Mstari wa pili hawausomi, nao wasema kuwa kiasi hicho ni kwa trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki mwisho wake ni kilo 750. Tofauti hiyo, wasomaji wangu, ndiyo habari yote. Gari ni lile lile na injini ni ile ile. Kilichobadilika ni breki za trela.

Tena kuna uzito wa jumla, yaani gari na watu wake, shehena ya nyuma na trela, vyote kwa pamoja. Huo nao una mpaka wake. Ukijaza barafu, mitungi ya petroli na vijana sita nyuma ya pikapu, zile kilo 3,500 huna tena.

Najua vijana huipenda Land Cruiser kwa heshima yake, nami siitukani. Fremu yake ni ya kuaminika na porini haina mshindani. Lakini nyingi zilizoko Kenya zina ile injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, yaani kile kipulizio kinachosukuma hewa injini ipate kupumua. Injini ya namna hiyo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Huku Mombasa ni simba. Ikifika Gatitu imekwisha kuhema. Pikapu ndogo yenye tabo haiumizwi hivyo na mlima.

Lililobaki mabaharia wetu walilijua kabla ya gari kuzaliwa. Nahodha hapakii jahazi ovyo. Ataitazama omo, ataitazama tezi, na farumi ataiweka mahali pake. Trela nayo ina farumi yake. Kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote yapasa ielemee ndoana ya gari. Mashine za mashua hukaa tezini, na mzigo ukizidi huko nyuma, trela itaanza kupepea kushoto na kulia kwenye mteremko, na dereva aliyeanza kupepewa ni shida kuituliza. Dawa ni kusogeza mashua mbele juu ya trela, au kuhamisha matangi. Haigharimu hata senti.

Lakini uzito wenyewe ni upi? Hapa nina neno na wauzaji wa huku kwetu. Mnunuzi wa bara huambiwa, "Hii ni tani moja na nusu tu," akatajiwa mwili mtupu wa mashua. Mashine hazikuhesabiwa, wala petroli, ambayo lita 200 zake ni kiasi cha kilo 150, wala trela yenyewe. Na ikiwa ni ya mbao iliyokaa majini, mbao hizo zimekunywa. Sura nzima imeshuka kuwakemea wapunjao vipimo, wala haisemi kuwa wauza mashua wamesamehewa. Mashua ipandishwe mizani ikiwa kamili juu ya trela yake, karatasi itolewe, mnunuzi aondoke nayo.

Kwa hiyo nimemwambia kijana asinunue gari jipya. Atafute D-Max au Hilux iliyotumika, ya magurudumu manne, maana kwenye tope la ukingo wa bwawa gari la kusukumwa nyuma tu litazunguka papo hapo. Fedha zitakazobaki azitie kwenye trela ya ekseli mbili, yenye breki kila gurudumu. Mteremko wa kwenda Sagana auteremke kwa gia ya chini, asikalie breki mpaka zikanuka. Na afikapo majini asubiri kidogo vitovu vya magurudumu vipoe kabla ya kuvitumbukiza, kwani vikiingia vikiwa moto hunyonya maji na grisi ikaharibika.

Amenijibu kuwa rafiki zake wa Karatina watamcheka kwa kuiacha Land Cruiser. Mimi nangoja aniletee karatasi ya mizani.