Ajali Tunayoijua na Ajali Iliyoandikwa

 

Ndugu Waislamu, wakazi wa Kilosa hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia mjini, maelfu ya watu wakahamia katika mahema, na reli ya Kati ikakatika baina ya Kilosa na Gulwe. Nyumba za tofali mbichi ziliporomoka na kurudi kuwa udongo. Tangu wakati huo, kila masika yanapokaribia, tunaulizwa swali lile lile baada ya sala ya Ijumaa: je, tukikata bima ya nyumba yenye kipengele cha "uharibifu wa ajali", mafuriko yatalipwa? Muulizaji huwa ameshaamini kwamba yatalipwa, kwani kwake hakuna ajali kubwa kuliko mto kuingia chumbani.

Jibu ni kwamba kipengele hicho hakikuwekwa kwa ajili ya mto. Kwa kawaida bima ya nyumba hujengwa juu ya majanga yaliyotajwa kwa majina yake: moto na radi kwanza, kisha, mara nyingi kwa malipo ya ziada, tufani, mafuriko, tetemeko la ardhi, wizi wa kuvunja na nyumba kugongwa na gari. Anayetaka kinga ya mafuriko hana budi kuliona neno "mafuriko" limeandikwa katika hati yake. "Uharibifu wa ajali" ni nyongeza inayosimama peke yake. Inahusu jambo la ghafla, lisilokusudiwa, lenye chanzo kinachoonekana na siku inayojulikana: msumari uliotoboa bomba la maji ndani ya ukuta, jiwe la mtoto lililovunja dirisha, sinki lililopasuka baada ya kuangukiwa na sufuria. Tena hugawanywa sehemu mbili, jengo na vyombo vilivyomo, na mwenye kulipia moja hana haki katika nyingine.

Sisi wenyewe tulilijua hilo baada ya hasara. Madrasa yetu ya Mikumi iliwahi kukatiwa bima na mfadhili mmoja, jengo na vyombo pamoja, na nyongeza ya ajali ikiwamo. Mwaka huo ukuta wa nyuma wa maktaba ulianguka wakati wa masika. Tukaandika dai kwa furaha ya mtu mwenye haki yake. Mkaguzi wa kampuni akaja, akakwangua plasta kwa kidole, akatuonesha alama za unyevu wa miaka mingi na njia za mchwa zilizopanda hadi kwenye kenchi. Dai likakataliwa, kwa sababu ukuta ule ulikuwa ukianguka kidogo kidogo tangu zamani, ila sisi tulisikia kishindo chake siku ya mwisho tu.

Lililotuumiza zaidi lilikuja baadaye. Miezi michache kabla ya ukuta kuanguka, kijana wetu mmoja alipanda darini kurekebisha waya wa kipaza sauti, mguu wake ukatumbukia, na kipande cha dari kikaangukia mashine ya kurudufu tunayochapishia mitihani. Kijana alisalimika, alhamdulillah. Dari na mashine tulivitengeneza kwa michango ya wazazi, ambao wengine hula kwa kibarua cha siku. Ilipokuja kusomwa hati vizuri, tukaona kwamba lile ndilo lililokuwa limekingwa, na muda wa kutoa taarifa ulikuwa umeshapita. Tulidai kisichokuwa chetu na tukakiacha kilicho chetu. Hati ilikuwa kwa Kiingereza. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tunaweza kumweleza mwanafunzi tofauti ya gharar kubwa na gharar ndogo hadi adhana ya Alasiri, lakini mbele ya karatasi ile tulikuwa sawa na mtu asiyejua kusoma.

Kwa hiyo msomaji aulize mapema nini hakimo. Uchakavu, kutu, ukungu, mchwa, panya, kazi mbovu ya fundi na uharibifu wa makusudi kwa kawaida hutolewa. Nyumba iliyoachwa tupu kwa muda uliotajwa huweza kupoteza kinga yake, na hilo liwaguse ndugu zetu waendao shambani msimu mzima. Kipo pia kiasi ambacho mwenye nyumba hubeba mwenyewe katika kila dai. Na ipo hesabu inayowashitua wengi: nyumba ya kugharimu shilingi milioni 40 kuijenga upya, ikiandikishwa kwa milioni 20 ili kupunguza malipo, huhesabiwa kuwa imekingwa nusu. Hasara ya milioni 4 italipwa milioni 2, kabla ya kutoa kile kiasi cha kubeba mwenyewe. Aliyedhani amebana matumizi amejikata mwenyewe.

Watu wa Mikumi wana yao. Barabara kuu ya Iringa inapita mlangoni mwao na malori hayalali, na hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni jirani yao. Gari likigonga nyumba, mara nyingi hilo ni janga lenye jina lake katika hati, wala si "ajali" ya kipengele hiki. Ama tembo, wengi husema serikali italipa. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama hatari, na jina lenyewe linatosha kueleza: ni mkono wa pole, haukukusudiwa kuwa fidia ya thamani yote iliyopotea.

Wapo watakaosema: mnatufundisha bima, nayo ni haramu? Tunajua. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliikataa bima ya shehena za baharini, na Mustafa al-Zarqa akatetea uhalali wa bima katika mji huo huo mwaka 1961. Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa inayoharibu mkataba, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano. Nasi tunaufuata uamuzi huo. Lakini mwalimu anayetamka "haramu" juu ya mimbari kisha akashuka, amemwacha mjane wa Kilosa palepale alipokuwa, bila bima na bila ndugu. Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ash'ariyyuna kwa kuwa chakula kilipowapungukia walikikusanya katika nguo moja wakagawana sawa. Nguo ya misikiti yetu iko wapi?

Kenya ilipata kampuni ya takaful mwaka 2011, na hapa kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022. Huko nako hati ni hati. Kuitwa takaful hakumpi mtu ruhusa ya kutosoma, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an imeshuka kuhusu kuandikiana madeni.

Baadhi ya jamaa wa Kilosa na Mikumi wameanza mazungumzo ya mfuko wa kusaidiana majengo ya misikiti na madrasa, mchango wa kila mwezi kwa nia ya tabarru'. Tumepewa kazi ya kuandaa rasimu ya kanuni, kwa Kiswahili. Kurasa za uanachama na za utunzaji wa fedha zimekamilika. Ukurasa wa maana ya neno "ajali" bado, kwa sababu wazee wawili hawajakubaliana kuhusu paa lililoliwa na mchwa likaanguka usiku wa upepo. Mmoja anasema ni upepo. Mwingine anataka fundi apande kwanza.